Walioniuliza Siku Niliyoachishwa Kazi

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na shemeji naye? Mgongo wake umepoa, au bado anakaa upandeupande kitini? Sisi wazima. Mama anatembea bila fimbo sasa, na ukimwambia apumzike anakuuliza apumzike kwani amechoka.

Dada, unga umemwagika. Mimi si meneja mkuu tena wa kile kiwanda cha magodoro.

Alhamisi asubuhi mwenyekiti wa bodi aliniita. Wenye kampuni wapya wana mtu wao, akasema, nami nikabidhi ofisi. Alikuwa mpole mno. Nilimshukuru, hebu fikiria! Nikatoka, nikasimama koridoni nikinusa gundi kama vile ndiyo kwanza nafika pale.

Kumbe nilikuwa na wageni. Wanafunzi wa chuo cha biashara walishaomba zamani kuja kunihoji, na katibu muhtasi wangu, asiyejua lolote, akaja kuniambia wako ukumbini. Nikaenda. Sikujua pengine pa kwenda.

Nilitegemea waniulize siri ya mafanikio, niwape yale ya siku zote. Wapi! Kijana mmoja mwembamba aliniuliza, "Ukimwachisha mtu kazi, unaanza na neno gani?" Nikajibu kwamba naanza na jina lake. Nilipojibu ndipo nilipogundua kuwa mwenyekiti hakulitaja langu.

Kisha binti wa mstari wa nyuma, sauti ndogo, akasema, "Samahani mama. Ukivuliwa cheo hiki leo, nani ataendelea kukupigia simu?"

"Nimeshavuliwa," nikasema. "Asubuhi hii."

Sikutetemeka, Dada, wala sikuona haya. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa ganzi kwa daktari wa meno: unajua mdomo ni wako, lakini hauko.

"Pole, mama," yule binti akasema. "Tuishie hapa?"

"Endeleeni."

Wakaendelea. Mwingine akauliza bei ya sponji, nami nikamweleza vizuri tu.

Binti hakulisahau swali lake. Wakati wa kuagana akanisogelea: "Hukunijibu." Nikamwambia dada yangu atapiga, ila yuko mbali. Wa pili sikumpata.

Jioni nilimwambia shemeji yako, akiwa jikoni anakata vitunguu. Akazima jiko. "Basi leo pika wewe, una nafasi," akasema, akacheka mwenyewe, akaacha. Nikapika. Tulikula, lakini sikumbuki ladha.

Juzi asubuhi nilioga, nikavaa suti, nikavaa viatu, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Sijui nilikaa kiasi gani. Shemeji yako akaingia, akapiga magoti, akanivua kiatu kimoja, kisha cha pili. Nyayo zikagusa sakafu. Ilikuwa baridi, Dada. Ni kitu cha kwanza nilichokihisi tangu Alhamisi.

Mama bado hajui, nitamwambia mwenyewe. Wewe usimhurumie kwenye simu, atashtuka.

Nisalimie shemeji na wanao wote wawili, mkubwa na yule mtundu. Mungu awalinde mlipo, awape usingizi mzuri.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye sana,
Kitinda Mimba