Mafundo Tisa

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo wewe? Shemeji je, na watoto? Yule mdogo kikohozi kimemwacha? Mimi sijambo.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Nafasi ya kujibu nilikuwa nayo, ila uliniuliza kama mama aliniita asubuhi ile aliyofariki, na ujasiri ukanikimbia.

Hakuniita. Unamjua. Majirani hawakumpa bure lile jina la Jeshi la Mtu Mmoja. Unakumbuka siku ya kabati? Baba ana mwezi mmoja tu kaburini, wajomba wanafika kulihamisha, wanamkuta amekwisha kulivuta juu ya blanketi mpaka sebuleni, ameketi anatia uzi kwenye cherehani. Akawaambia wanywe chai, ndiyo kazi iliyobaki. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, alikuwa akituambia, nasi tukaimeza kama dawa.

Sasa nikwambie nilichokificha. Nilipokuwa natoa vitu vyake, chini ya godoro nilikuta utepe mrefu wa kitambaa cha sare alizokuwa akishona, umefungwa kwenye ubao wa kitanda wa miguuni. Una mafundo tisa. Yale ya mwisho yameng'aa kwa kushikwa. Ndiyo aliyokuwa akijivutia ili aketi, miezi yote ile ya ugonjwa, na mimi nipo chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu. Kila siku nilisikia kitanda kinalia, nikadhani anajigeuza.

Asubuhi ile kililia mara mbili, kikanyamaza. Nilisikia, dada. Nilikuwa nakunywa chai. Nikajiambia nikiingia atanikaripia, ataniuliza nani kaniita. Nikamaliza chai, nikaosha kikombe, nikakikausha. Ndipo nikaenda.

Tangu hapo nakisikia kitanda mchana kweupe. Napiga pasi, kinalia mara mbili. Nakwenda, nafungua mlango, kitanda kimetandikwa vilevile. Mwezi uliopita nikakitoa, nikampa seremala akipeleke anakojua. Bado kinalia.

Halafu hapo juu nimekudanganya. Ile sijambo ni ya mazoea tu. Niliteleza kule tunakofulia mashuka ya hoteli, nyonga ikapata ufa, na sasa nachechemea na fimbo. Watanipasua tarehe 27. Daktari aliuliza nani atakayeninyanyua wiki sita za baada ya upasuaji. Nikamjibu kwa kinywa cha mama kwamba natosha. Akaniangalia, akasema, "Mama, mimi nilipovunjika mkono, mke wangu ndiye aliyenivalisha suruali. Na mimi ndiye daktari."

Nilicheka mpaka nyonga ikaniuma. Nilipofika nyumbani nikachukua mkasi na shuka kuukuu, na kabla sijajua nafanya nini nimekwisha kufunga fundo la kwanza. Niliogopa, dada. Mikono ilikuwa yangu, lakini kazi ilikuwa yake.

Mama alitufundisha kusimama, na ninamshukuru. Nimeishi bila kumpigia mtu magoti. Lakini kuita hakukujua yeye mwenyewe, angetufundishaje? Basi najifunza ukubwani, na wewe ndiye wa kwanza. Njoo. Ninakuomba uje kabla ya tarehe hiyo. Siwezi peke yangu.

Nisalimie shemeji, nibusie wanangu wote wawili, na mama mkwe wako mwambie namuombea macho yake. Mola akufungulie njia na akufikishe salama.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako.

N.B. Ufunguo wa pili nimempa fundi viatu wa hapo chini. Nimemwambia akisikia kimya asibishe hodi, aingie.