Nilichojaza Kwenye Fomu ya Nyanjige

Jumatano, 8 Januari 2025

Sijamwambia mtu. Kwenye fomu ya kumwandikisha Nyanjige darasa la kwanza, penye "Ulemavu", nimeandika "Hakuna". Na sahihi ya mama nimeiweka mimi.

Mdogo wangu ana usonji. Ana miaka minane. Mara mbili mama alisema ukweli, mara mbili akajibiwa kitengo cha elimu maalumu kimejaa, arudi mwakani. Ukuta wa shule hiyo hiyo umeandikwa elimu ni haki ya kila mtoto. Rangi nzuri kweli.

Leo mwalimu mkuu alimsalimia mara tatu. Nyanjige kimya, macho chini. Mkuu akafurahi: mtoto ana heshima, hamtazami mkubwa usoni. Kapokelewa! Mimi nami nimesifiwa hivyo hivyo miaka kumi na moja ya shule. Kumbe ni woga tu.

Jumatatu, 13 Januari

Watoto tisini na wanne darasani. Mwalimu wao, Felisita, anasema Nyanjige ndiye mtulivu kuliko wote, wenzake waige. Siku nzima hajatamka neno — mwanafunzi bora.

Jumatano, 15 Januari

Kengele yao ni ringi ya gari, imening'inizwa dirishani kwa darasa la kwanza. Aliyepachagua apewe cheti. Siku mbili Nyanjige alivumilia. Leo alipiga mayowe, akaingia chini ya dawati, akaziba masikio. Hakutoka mpaka nilipoitwa.

Mwalimu Felisita akaniuliza ana nini. Mimi shujaa nikajibu: meno.

Ijumaa, 17 Januari

Mkuu kaulizia mtaani, kaambiwa. Kaniwekea fomu mezani. Anasema mahali pa Nyanjige ni kitengoni. Kitengo kina nafasi? Kimejaa. Yaani mahali pake ni pale pasipo na nafasi. Nilimjibu kwa ukali sana — nikiwa nimeshafika sokoni, peke yangu.

Mwalimu Felisita alinifuata getini. "Mimi ningebaki naye, mdogo wangu. Hata kengele tungeihamisha. Ila mama yenu katuandikia uongo, na mkuu kashikilia hapo hapo."

Mama yetu! Miaka miwili walimkataa bila sababu. Sasa nimewapa.

Jumapili, 19 Januari

Mama kanipa barua ya shule nimsomee. Nikasoma: mzazi afike Jumatatu saa mbili asubuhi. Mistari mitatu iliyobaki nikaikunja.

"Wanataka kunisifia mtoto," akasema.

Sasa anapiga pasi kitenge chake cha kanisani. Kesho ataulizwa kwa nini alidanganya, mbele ya sahihi nzuri ya mtu asiyejua kuandika. Na Nyanjige atakuwa kasimama pembeni, kavaa sare.

Nitamwambia njiani, kabla ya geti. Au leo, akimaliza pasi. Amegeuza upande wa pili — anaimba.

Wewe usimwambie. Niachie mimi.