Rangi Chini ya Nati

Mjukuu wangu Festo,

Shikamoo yako imenifikia hapa Tabora, marahaba. Goti la bibi yako lina nafuu, naye anauliza kama kahawa ya huko kwenu Mkumbi imeanza kuiva.

Unasema pikipiki uliyoifungua, ukaipaka rangi na kuifunga upya haiwaki, wala taa, ingawa betri ni nzima. Anza na waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, pale unapofungwa kwa nati kwenye fremu.

Nilipokuwa kijana Mbinga, niliifungua yangu yote nikaipaka rangi nyekundu, ili baba aione Pasaka. Nikiwa naifunga, ukaja ujumbe kutoka Liparamba: baba amezidiwa, ananiita. Pikipiki ikakataa kuwaka. Siku mbili nilibadilisha plagi, fyuzi na koili. Lori la kwenda huko lilipita mara mbili. Sikupanda, kwa kuwa nilitaka nifike nayo. Siku ya tatu nikamwita fundi jirani, Mzee Salumu.

“Umepaka mpaka chini ya nati?”

“Nilitaka ipendeze, mzee.”

“Imependeza, kama bibi harusi asiyetaka kutoka kwao. Rangi haipitishi umeme. Kwangua, chuma kiguse chuma.”

Nilikwangua kwa kisu, ikawaka papo hapo. Nilipofika Liparamba, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Dada yangu aliitazama pikipiki, akasema taratibu, “Alikuwa anasikiliza kila injini inayopita.”

Basi kwangua rangi, Festo. Ikikataa bado, na kuna mtu anakusubiri, panda gari lolote linalopita.

Babu yako