Utamu wa Chini ya Zulia

Mama, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kasulu. Tangu Kibondo gari lilikuwa linachemka, maji ya rejeta yanakwisha, na chini hakuna hata tone. Ndani kukawa kunanukia utamu, zulia la mbele limelowa. Nikajua ndoo ya asali niliyokununulia inavuja, nikamlaani aliyeniuzia. Fundi wa hapa Kasulu alipofunua zulia nikachovya kidole. Akanipiga mkono, paa! "We mama, hiyo kulanti, dawa ya rejeta, ni sumu!" Kumbe mpira wa hita unaopitisha maji ya rejeta umepasuka ndani ya dashibodi. Ameshaubadilisha, gari limetulia. Asali yako ni nzima, uile kwa afya. Ila kidole kile, Mama, sikuwa nakipeleka kinywani mwangu. Mjukuu wako, kando yangu, alikuwa ameshaachama.