Nani Anazilegeza Nyuzi za Gitaa Lako?

Tororo, Uganda
Jumanne

Kaka yangu Ramadhani,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Mama na shemeji, na iwe haijafunguliwa na mtu wa posta. Bahasha ya mwisho kutoka kwenu ilinifikia imebandikwa upya kwa kitu kama uji. Kama ni shemeji aliyeishiwa gundi, anisamehe, lakini nimeiweka ile bahasha. Mimi sijambo, ila kifua. Vumbi la saruji la kiwandani limenikaa ndani, nikikohoa natamani kuangalia kama kitambaa kimegeuka sakafu. Msimamizi wetu Mzungu anasema ni mafua tu. Yeye mwenyewe akipita kwenye mifuko hujifunga leso puani.

Miguu ya Mama inaendeleaje? Na mkono wako je? Nauliza kwa sababu shemeji huandika "kaka yako anakusalimu" halafu anarukia habari za mahindi. Ile mashine ya mkonge ilikula vidole vya mkono wa kushoto, Kaka. Wa kulia mzima, na ndio wa kuandikia. Kwa hiyo kila nikiona mwandiko wa shemeji nakushuku, na nakwambia wazi.

Sasa nikupe habari za gitaa lako la besi, na usishtuke mpaka ufike mwisho.

Uliponikabidhi pale stesheni ya Morogoro ulisema neno moja tu, "Litunze," ukageuka ukaenda zako. Nimelitunza kuliko nafsi yangu. Hapa kwenye nyumba za wafanyakazi tunalala wengi chumba kimoja, na vumbi linaingia hata kwenye sukari, basi nilikata shauri lisikae Tororo. Linakaa Busia, kwenye stoo ya Mama Taabu, mwenye ile baa tunayopigia dansi kila Jumapili kuanzia mchana. Watu wanavuka kutoka Busia ya upande wa Kenya kuja kucheza dansi letu. Wanakuja kuona "gitaa la nyuzi nne," maana hawajapata kuliona jingine, na wapo wanaouliza nyuzi mbili zilizopungua tumezila wapi.

Umeme wa Mama Taabu ni wa jenereta. Friji la bia likianza kuvuta, amplifaya yetu inanywea, sauti inakuwa ya mtu aliyefunikwa blanketi. Amplifaya yenyewe ilitengenezwa na Singasinga mmoja fundi wa redio hapa Tororo, ndani ya sanduku la mbao laini, vali zake, zile taa za kioo, zikiwaka nyuma unaweza kuzisomea gazeti. Spika ni kubwa lakini karatasi yake imeshachanika mara moja, tukaiziba kwa gundi. Wewe ungecheka. Lakini ikikubali, Kaka, ikikubali unasikia viti vinatambaa.

Tatizo lilianza hivi. Jumapili moja nilifika, nikatoa gitaa kwenye sanduku lake, nikakuta nyuzi zote zimelegea. Si kidogo, zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nikafikiri ni joto. Nikazikaza, nikalinganisha sauti, tukapiga. Jumapili iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata tena. Vile vyuma vya kukazia ambavyo wewe ulikuwa ukiviita masikio havijizungushi vyenyewe. Nikajua kuna mtu.

Kwanza nilikushuku wewe, usikasirike. Niliwaza labda masikio yalikuwa yameoza tangu huko ukanipa bila kusema. Nikayafungua yote, nikayasafisha kwa mafuta ya taa, meno yake mazima kabisa. Nikakutoa kwenye hesabu.

Halafu nikamshuku Mama Taabu, kwamba anawakodishia watu gitaa katikati ya wiki. Nikachukua msumari nikachora alama ndogo kwenye kila vali na nyuma ya spika, nione kama kuna kinachobadilishwa. Wiki iliyofuata alama zote zipo. Hata hivyo nikawaza, labda mwizi naye anajua kuchora.

Kikaja kitu kilichonimaliza kabisa. Unakumbuka gitaa lilivyonijia, shingo imepinda kidogo, nyuzi ziko juu mbali na ubao, mpaka kidole kinafanya malengelenge? Basi nikagundua nyuzi zimeshuka. Zimekaribia ubao, zinabonyezeka kwa raha. Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliona dhahiri kwamba kuna mtu amelichonga daraja lake, kile kipande kinachobeba nyuzi, kwa tupa, analizoesha mkono wake mwenyewe.

Na huyo mtu kwa nini asiwe Odoi? Odoi ni mpiga ngoma wetu, Mjapadhola wa upande wa Kwapa, na ngoma zake zinakaa stoo ileile. Ufunguo mmoja anao Mama Taabu, mwingine anao yeye. Huyu ndiye rafiki yangu pekee hapa, lazima niseme. Tunabishana kutwa. Mimi nataka spika iwekwe juu ya kreti, yeye anataka iwe chini sakafuni. "Besi si ya masikio," ananiambia, "besi ni ya tumbo. Weka yeye chini, udongo atabeba." Mimi napiga kwa kidole gumba kama wewe, yeye anasema nitumie vidole viwili vitembee. Mimi naizungusha ile swichi ya pili ya sauti, iliyo karibu na sumaku inayonasa mlio wa nyuzi, mpaka mwisho ili sauti iwe nzito, yeye anarudi anaipunguza nikigeuka. Mtu wa namna hiyo ana mkono mwepesi, unaona mwenyewe.

Tena ana shemeji yake, Wandera, makanika wa malori. Huyo Wandera akija dansini hachezi. Anasimama mbele yangu anatazama vidole. Siku moja alisogeza bisibisi karibu na ile sumaku ya chini ya nyuzi aone inavyovuta, nikampiga mkono. Akaniuliza, "Hii utauza lini?" Nikamwambia siuzi, ni la kaka yangu. Akasema, "Ee, lakini naona inakusumbua." Amejuaje kama linanisumbua? Nikaunganisha mambo yote: Odoi analegeza, mimi nachoka, nalikatia tamaa gitaa, Wandera analichukua kwa bei ya kuku. Nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu.

Basi juzi Jumapili, dansi lilipokwisha, niliaga kama kawaida. Nikasema kwa sauti kubwa, wote wasikie, kwamba nawahi basi la Tororo. Nikatembea hadi barabarani, nikazunguka nyuma ya duka la Mhindi, nikarudi kwa mlango wa jikoni. Jua lilikuwa bado halijazama. Mlango wa stoo ulikuwa wazi nusu.

Odoi alikuwa amekaa juu ya ngoma yake kubwa. Gitaa lako amelilaza mapajani, amelikumbatia kabisa kifuani, na anazungusha masikio taratibu, moja baada ya jingine. Na anaongea nalo. Kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Kaka, nilipiga kelele. Nilisema mwizi. Nilisema na mengine nisiyoweza kuyaandika kwa sababu najua shemeji ndiye atakayekusomea. Wanywaji wakajaa mlangoni, Mama Taabu akaja na mwiko mkononi, na Wandera huyo nyuma yake, jambo lililonizidishia hasira.

Odoi hakusimama. Alimaliza uzi wa mwisho kwanza.

"Wewe naita mimi mwizi?" akasema. "Nimeiba nini? Gitaa si hii hapa?"

"Unazilegeza nyuzi kila wiki! Na daraja umelichonga!"

"Daraja sijagusa. Kamba, ndiyo, nalegeza. Kila Jumapili nalegeza. Wewe nakwenda na unaacha yeye amekaza hivyo wiki mzima. Hata wewe ukitoka kazini si unafungua mkanda ya suruali?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia gitaa la umeme si kitu cha kwao.

"Baba yangu alikuwa anapiga tongoli," akasema, na hicho ni kinubi cha kwao cha kukumbatia. "Kwa nyumba yetu, tongoli ikimaliza kazi, mwenyewe nalegeza kamba, naweka yeye ukutani, apumzike. Ukiacha amekaza, mti inapinda. Iko moja tu ambayo watu naacha amekaza." Hapo akamtazama Mama Taabu.

"Sema tu," Mama Taabu akamwambia.

"Ile ya mtu amekufa. Mwenyewe hawezi kurudi kulegeza, na hakuna mtu mwingine nataka kugusa. Inabaki hivyo ukutani mpaka shingo inakunja." Kisha akanigeukia. "Ile siku wewe umeleta hii gitaa, mimi nilifungua sanduku. Kamba zimekaza, shingo amekunja. Nikauliza, ya nani? Ukasema, ya kaka yangu. Nikauliza, yeye iko wapi? Wewe ukanyamaza. Basi nikajua. Nikasema, huyu rafiki yangu kaka yake amekufa na hawezi kusema. Acha mimi nalegezea marehemu, polepole, apumzike. Leo nilikuwa naambia yeye pole."

Mama Taabu akashusha mwiko.

Nilikumbuka gitaa lako lilivyokuwa limening'inia juu ya kitanda chako tangu siku ile ya mashine. Hatukuligusa hata mmoja wetu. Mama alikuwa akifagia kwa kulizunguka. Nyuzi zilikaa vilevile ulivyozikaza dansi lako la mwisho, mvua na kiangazi, na shingo ikapinda tukiiona. Na mimi kweli Odoi aliponiuliza kaka yako yuko wapi, sikujibu, kwa sababu sikujua niseme uko wapi. Mtu asiyeandika, asiyesikiliza redio, anayetoka chumbani watu wakianza kuimba, nitasema yuko wapi?

"Kwani mwenyewe yuko?" Mama Taabu akaniuliza.

Nikasema, "Yuko. Yu hai. Amekatika vidole tu."

Odoi akalitazama gitaa kana kwamba limemdanganya. Akaliweka kwenye sanduku, akafunga, akanisogezea kwa mguu. "Kama yuko, basi mimi nimekosea," akasema. "Hii si kazi yangu tena. Kamba ya mtu mzima analegeza mwenyewe." Akachukua fimbo zake akatoka. Sikumfuata. Basi lilikuwa limekwenda kweli safari hii, nikaja Tororo nyuma ya lori la Wandera, sanduku liko magotini, wala Wandera hakuniuliza tena habari ya kuuza. Hilo nalo nalishuku kidogo.

Jana nilipotoka kazini nilipita Busia kumwomba Odoi radhi mbele ya Mama Taabu. Alipokea mkono wangu. Akasema Jumapili atapiga, na spika itakaa sakafuni, nikakubali. Lakini nilipomwomba aendelee kulitunza gitaa kama zamani akakataa katakata.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya miguu naituma kwa mtu, si kwa posta. Nisalimie shemeji, msomaji na mwandishi wa nyumba, na watoto, na mjomba wetu wa stesheni aliyenibebea sanduku. Shangazi muuza vitumbua asidhani nimemsahau.

Kaka, gitaa liko hapa chini ya kitanda changu, ndani ya vumbi nililolikimbia. Nyuzi bado zimelegea kama Odoi alivyoziacha, shingo imenyooka, na kumbe ndiyo iliyozishusha nyuzi, si tupa ya mtu, wala sijathubutu kuzikaza. Vidole vyako vya kushoto havipo, lakini kuzungusha sikio ni kazi ya mkono wa kulia, na sauti iliyo sawa unaijua wewe kuliko mimi, Odoi na yule Singasinga tukijumlishwa. Njoo utuonyeshe. Kama huwezi kuja, chukua kalamu mwenyewe uniandikie. Nimesimama mbele ya baa nzima nikasema mwenyewe yu hai. Usinifanye mwongo.

Mdogo wako,
Shabani