Ukindu Mmoja Hadi Moscow

Jumanne, 19 Agosti 1969
Nimepata! Wizarani wameniita leo: udaktari, Moscow, miaka sita. Ndege Jumanne ijayo. Mama alikuwa anasuka mkeka, akaniuliza huko ni mbali kiasi gani. Sikujua. Nikachomoa ukindu mmoja kwenye fungu lake, nikaenda nao shuleni, nikapima kwenye ramani ya ukutani. Maili elfu nne na ushee. Nikamrudishia ule ukindu, nikamwambia ni huu tu, Mama. Akacheka, akausuka kwenye mkeka.

Alhamisi, 21 Agosti
Filomena wa ofisi ya tiketi anasema ni kukesha angani mpaka kesho yake, pamoja na kutua Cairo. Tena ndege yenyewe ni mara moja kwa wiki. Hilo la wiki sikumwambia Mama. Mjomba Kondo, kaka yake, keshalijua. Sijui kwa nani!

Jumapili, 24 Agosti
Kikao. Mjomba kaja na kanzu yake ya Ijumaa — leo Jumapili! Shikamoo nimempa, kukubali sikumpa. Hoja yake: moyo wa Mama ni mgonjwa, na sisi maiti hatulazi. Akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini, na mimi ndiyo kwanza nasubiri ndege ya wiki ijayo. Mtoto wa pekee asimzike mama yake?

Nikamjibu mbele ya watu. "Mjomba, Baba alipokufa nilikuwa chumba hikihiki. Makaburi hayo hapo, kwa miguu unafika. Mlinipeleka? Wanawake hamtupeleki. Basi kwangu mie hapa Temeke na Moscow ni sawa."

Nilifurahi, tena sana. Watu juzi wamekwenda mwezini na wamerudi, mimi nizuiwe na Mjomba Kondo?

Ndipo akaniuliza taratibu, "Na kumwosha je? Mama huoshwa na bintiye. Wako ataoshwa na nani?"



Jumatatu, 25 Agosti
Nina hasira kwa sababu Mjomba kasema kweli. Sanduku nimelifunga hata hivyo. Mama anasuka.

Jumanne, 26 Agosti
Alfajiri Mama kaniita bafuni, kule uani. Nimemkuta kajifunga kanga, kaketi kwenye kibao, pembeni ndoo mbili za maji na sabuni mpya. Nikadhani pumzi imembana. Hapana.

"Nioshe," akasema. "Nioshe sasa, nikiwa na macho ya kukuona."

Nimemwosha. Nimeanza upande wa kulia, kama inavyopasa, kisha kushoto. Mabega, mgongo, miguu. Kalalamika maji ya baridi. Nililia, naye kanirushia povu usoni.

Mjomba kaja kunizuia, katukuta tunatoka bafuni, Mama anachuruzika maji. Mama kamwambia, "Kondo, mwanangu keshaniosha. Siku hiyo mtafute yeyote. Mie wangu nishampata."

Mjomba amekaa kizingitini, miguu kaitandaza mlango mzima. Naandika juu ya sanduku, vidole bado vimekunjamana kwa maji. Gari la wizara linapiga honi. Mama anajifunga kanga kavu. Anasema atatangulia yeye kupita hapo mlangoni, mimi nifuate na sanduku.