Mwanga Ndani ya Kabureta

Marahaba, mjukuu wangu, mume wangu. Hapa Korogwe sote wazima. Mama yako keshavuna mahindi, na yule kuku wako ana vifaranga.

Nimeonyeshwa video ya karakana yenu. Mashine inatetemesha maji kwa mawimbi ya sauti mpaka kabureta inang'aa, bila mkono kuigusa! Nimeirudia mpaka simu ikaisha chaji. Unauliza sisi tuliwezaje bila mashine.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa kule Handeni, pampu ya maji ilizima. Shida za siku zile tuziache. Babu yako, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha katani Ngombezi, aliifungua kabureta ya injini yake, akanipa vipande vya shaba nivichemshe kwa ukwaju, kama tulivyong'arisha bangili. Kutu ya kijani ikatoka yote. Kisha akachukua unyuzi mmoja wa katani, akaupitisha kwenye jeti, kile kijipande chenye tundu la petroli.

"Waya utaikwaruza," alisema. "Hebu chungulia."

Akaielekeza juani. Nikafumba jicho moja, nikaona nukta ya mwanga, ndogo kuliko punje ya ulezi. Wanawake wenzangu wakaweka ndoo chini, wakachungulia mmoja mmoja. Pampu ilipounguruma na maji kutoka, ndipo nilipoelewa: kijiji kizima kilikuwa kinakunywa kupitia tundu lile.

Basi mashine yako ikimaliza, usiharakishe kufunga. Ielekeze jeti juani kwanza, uchungulie kwa niaba yangu. Macho ya bibi yako hayafiki tena huko.